Jiwe la Vishimo Shambani kwa Wachuka

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa sabini na moja, Wachuka alikuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya kijiji cha Giakanja alipomwona mwanamume amepiga magoti juu ya lile jiwe kubwa la mteremkoni mwa shamba lake. Hakuwa mtu wa kijiji. Alivaa suruali ya kaki na kofia ya kitambaa, na mkononi alishika tepu ya kupimia, ile ndefu inayojikunja ndani ya kifuko cha ngozi. Aliivuta kutoka upande mmoja wa jiwe hadi upande wa pili, akaandika kitu kwenye karatasi.

Majani yalimponyoka Wachuka. Alichuchumaa katikati ya mihindi, akaziba mdomo kwa leso, maana alihisi pumzi zake zinasikika hadi mtoni. Alikaa hapo miguu ikifa ganzi mpaka mgeni akakunja vitu vyake na kupanda njia ya kwenda barabarani.

Mara ya mwisho Wachuka kuona tepu kama ile, mumewe Ngatia alikuwa kizuizini Manyani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiunganisha vipande vya mashamba na kuvigawa upya. Watu wenye karatasi waliingia katika kipande cha Ngatia ng'ambo ya mto, penye udongo mwekundu unaoshika kahawa vizuri, wakapima, wakaenda zao. Wachuka alikuwa amesimama pale pale na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemuuliza neno, naye hakuthubutu kutoa lake. Ngatia aliporudi, amekonda na kukohoa usiku kucha, kile kipande kilikuwa cha mtu mwingine, nao walikuwa wamepewa huu mteremko wenye mawe. Alikufa kabla ya Uhuru. Mjane akabaki na watoto, mbuzi, na jiwe.

Na jiwe lenyewe halikuwa jiwe la kawaida. Juu yake palikuwa na vishimo vya mviringo, vimechongwa kwa safu, kila kimoja kinatosha kulaza yai. Upande wa juu palikuwa na duara ndani ya duara. Mama mkwe wake alikuwa akisema ni kazi ya Wagumba, wale watu wafupi waliokaa huku kabla ya Wakikuyu, na alimkataza kupita hapo akiwa na mimba. Wachuka hakukosa kanisa Jumapili hata moja, lakini kila alipokuwa na mimba alizunguka mbali.

Alipoweza kusimama, alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Mzee Nderitu, ambaye neno lake lilisikika kijiji kizima.

"Alikuwa anapima?" Nderitu akauliza.

"Anapima, mzee. Na anaandika."

Nderitu alikuna kidevu. "Hiyo si mambo nzuri, mama Muriithi. Serikali ikipata kitu ya zamani kwa shamba ya mtu, inazungusha ua. Ukiona ua, jua hiyo shamba si yako tena."

"Nani amesema hivyo?"

"Watu wanasema."

Hilo lilitosha. Wachuka aliondoka bila kugusa chai aliyomiminiwa. Alimwita wifi yake, Warigia, ambaye nyumba zao zilitazamana, na mchana wote wanawake hao wawili wakabeba udongo kwa viondo, wakaufunika mwamba. Walipofika kwenye maduara, Warigia alirudi nyuma.

"Mimi sifuniki hiyo," alisema. "Funika wewe. Iko kwa shamba yako."

Wachuka alifumba macho, akamwaga. Kisha wakachomeka marando ya viazi vitamu juu ya udongo, wakanyunyiza maji.

"Na akirudi?" Warigia akauliza.

"Akirudi atapata viazi."

Usingizi ulimpaa. Kulipokucha alishuka na jembe, na kweli mgeni alikuwa amefika. Alisimama kando ya kilima kile kipya cha udongo, mkoba begani, akigeuza shingo huku na huku kama mtu aliyepotea njia.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema.

"Mzuri."

"Jana kulikuwa na jiwe hapa."

"Hapa ni viazi," Wachuka akajibu. Sauti yake ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua.

Marando yalikuwa yameshaanza kunyauka. Mgeni aliyatazama, lakini hakuyagusa. Wachuka aliona kwamba macho yake hayaondoki kwenye jembe. Aliona pia kitambaa kilichofungwa mkononi mwake, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, na vidole vilivyotoka chini ya kitambaa hicho vilikuwa vinatetemeka. Ikamchukua muda kuelewa. Mtu huyu alikuwa akimwogopa. Maishani mwake Wachuka alikuwa ameogopa machifu, askari, homgadi wa wakoloni, makarani na radi. Hakukumbuka hata mtu mmoja aliyewahi kumwogopa yeye. Aliliweka jembe chini.

"Mkono umefanya nini?"

"Nilikatwa, mama. Kule ng'ambo ya mto. Walisema nimekuja kuuza mashamba yao." Alimeza mate. "Naitwa Simeon Gatimu. Natoka Murang'a, nafanya kazi Nairobi, kwa watu wa makumbusho. Jana nilipiga hodi kwako, sikupata mtu."

"Nilikuwa kwa mihindi. Nilikuona. Unaandika nini?"

"Naandika vile jiwe iko. Kila shimo, na ukubwa wake. Watu wanayapasua haya mawe wajengee nyumba. Yakiisha, hakuna atakayejua yalikuwa hapa."

"Ni Wagumba waliyachonga?"

"Wengine wanasema hivyo. Ukweli ni kwamba hakuna anayejua."

"Na ukimaliza kuandika, ua inakuja lini?"

Simeon alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi sikutumwa kuweka ua. Nimetumwa kuchora tu. Lakini mama, wakubwa wangu wataamua nini kesho, siwezi kukuapia."

Jibu hilo lilimwogopesha Wachuka. Hata hivyo ni jibu hilo hilo lililomfanya amwamini. Wale wapimaji wa zamani waliapa sana kwamba hakuna atakayepoteza shamba.

Kabla hajasema neno, mbwa walibweka juu. Mzee Nderitu alikuwa anashuka na kundi la wanaume, baadhi yao wamebeba mapanga ya kufyekea. Simeon alipauka. Hakukimbia. Mkoba ulimtoka begani, karatasi zikatawanyika kwenye umande. Kijana mmoja mnene alimfikia kwanza, akamkaba kola.

"Ni wewe unauza mashamba ya watu?"

Mwingine alikuwa tayari ameinua panga, ubapa wake ukimwelekea, na Wachuka hakujua kama ni wa kutisha au ni wa kupiga kweli. Alijua kwamba mjane akimpinga Nderitu mbele ya watu, hatakuwa na wa kumwinulia hata gunia la mahindi. Alitamani kurudi ndani ya mihindi. Alikumbuka pia jinsi alivyosimama kimya ng'ambo ya mto, na jinsi kimya hicho kilivyomgharimu.

"Mwachilie," alisema. Hakusikika. Akarudia. "Mwachilie. Huyo ni mgeni wangu. Nilimwita mimi aangalie jiwe."

"Jiwe gani?" Nderitu aliuliza kwa ukali, maana alijua vizuri kwamba Wachuka anadanganya.

Wachuka alipiga magoti, akang'oa marando na kuanza kuufukua udongo kwa mikono. Hakuna aliyemsaidia. Kisha Warigia, ambaye sauti za watu zilikuwa zimemtoa nyumbani, alipita katikati ya wanaume na ndoo ya maji, akaimwaga juu ya mwamba. Matope yalitiririka, maduara yakatokea, meusi na mapya kana kwamba yamechongwa jana. Wanaume walirudi nyuma. Wengi wao walikuwa wamesikia habari za jiwe hilo tangu utotoni bila kulikaribia. Yule kijana mnene aliiachilia kola, akapangusa kiganja chake kwenye suruali.

Simeon alifanya kazi huku wanamtazama. Mstari wake wa kwanza ulikwenda mshazari, ikabidi achukue karatasi nyingine. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya tepu, akatazama huku na huku. Hakuna aliyejitokeza. Wachuka aliishika yeye. Ilikuwa nyepesi, kitambaa tu kilichopakwa nta, lakini aliikamata kwa mikono miwili mpaka kucha zikaumia.

Walipomaliza, Nderitu alimwambia kwa sauti ya chini, "Siku wakikufukuza, usije kwangu." Kwa muda mrefu hakumsalimia tena, hata walipokutana kwenye njia ya kanisa.

Shamba halikuchukuliwa. Lakini Wachuka hakulijua hilo siku ile, wala mwaka ule. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya aache alichoshika. Safari moja alienda Nyeri hadi kwenye ofisi ya ardhi, akafika mlangoni, akageuka akarudi nyumbani. Mara ya pili alisindikizwa na mwanawe Muriithi. Karani alipekua daftari, akasema shamba bado liko kwa jina la marehemu Ngatia na halina alama yoyote ya serikali. Wachuka alimwomba aangalie tena, naye akaangalia.

Simeon alirudi baadaye na walimu wawili, mkono wake umepona. Wachuka aliwaruhusu wateremke, akasimama ukingoni mwa jiwe tangu walipofika hadi walipoondoka, wala hakukubali kuketi.

Miaka ilivyosonga, mawe mengine ya mteremko ule yalipasuliwa kwa moto na nyundo, yakawa misingi ya nyumba na ukuta wa kanisa. Fundi mmoja alikuja kuomba la Wachuka pia. Alikataa. Fundi alidhani analipenda, akamsifu kwa kutunza mambo ya wazee.

"Silipendi," Wachuka alimwambia. "Lakini limeandikwa. Kitu kikishaandikwa, siku kikikosekana, watu watakuja kuniuliza."