Nilikata Upande wa Ramani, Lawama Akabeba Mzee

Jamani, kosa ni langu. Msinipe pole, sistahili!

Nina banda la kuchapa karibu na machimbo ya Nyakunguru. Dhahabu ilipopamba moto, nikajiita mtaalamu wa grafiki. Mtaalamu! Mtu wa kukuza picha za harusi!

Kikundi cha wachimbaji kikaniletea michoro ya Mzee Marwa, aliyekuwa akipima mashimo yao. Walitaka ramani moja, kubwa kama ukuta. Nikaunganisha yote kwenye kompyuta. Mashine ikagoma: picha imezidi upana ambao mfumo wake unaweza kuchora. Upande wa mashariki ukatoka mweusi tii.

Mke wangu, Ghati, akasema, "Baba Chacha, si uigawe vipande, tuunganishe kwa gundi?"

"Gundi? Hii ni kompyuta, si kazi ya chekechea!"

Kichwa maji mimi! Nikaukata upande ule, nikachapa, michoro nikaitupa. Nikajiambia huko ni vichaka tu.

Vichaka gani! Kulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji. Vijana wakachimba kuelekea huko, wakiiamini ramani yangu. Ukuta ukapasuka, maji yakawavamia. Walitoka wote isipokuwa Mwita, mdogo wake Ghati.

Baada ya mazishi kikaitishwa kikao. "Nani aliliruka lile shimo kwenye ramani?"

Nikasema, "Mimi nilichora alichonipa mzee."

Mzee Marwa, ambaye asubuhi ile nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, hakuwa na nakala ya kujitetea nayo. Wakamzomea, wakamfukuza kwenye kikundi kama mwizi wa ng'ombe. Na mimi nikatikisa kichwa, eti nasikitika! Mnafiki!

Ghati alikuwa ameiona ile michoro. Nyumbani alifunga nguo zake kwenye khanga. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. Hakurudi.

Nikamfuata Mzee Marwa huko Morotonga, kwa binti yake. Nilimkuta anapalilia mihogo. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, nalia kama mtoto. Hakuacha jembe.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Kawaambie wao."

Ndugu yangu unayejisifia mashine, ikikwambia imefika mwisho, mwambie na mteja hivyo hivyo. Aibu hiyo haizidi siku moja.

Mimi je, niliwaambia wao? Wapi! Nawaambia ninyi, msionijua hata jina. Huo ndio ushujaa wangu wote.