Nilihama chuo, sikufukuzwa, na magoti sipigi

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni binti wa miaka 24, nyumbani Maisaka, Babati.

Nikiwa naingia mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, niliacha chuo changu cha kwanza nikahamia kingine Dodoma. Kule nilikotoka mhadhiri mmoja alikuwa ananitaka. Nilipomkataa alinifelisha somo lake, akaniambia wazi, "Utarudia mpaka uzoee." Nikalalamika ofisi ya chuo, nikaambiwa nimheshimu mwalimu wangu.

Nilimweleza baba. Yeye akampigia kaka yake, baba mkubwa wa Bonga, msomi wa ukoo ambaye akisema hakuna wa kumpinga. Baba mkubwa akasema, "Hakuna anayehama chuo mwaka wa mwisho. Huyo kafukuzwa, anatafuta wa kumsingizia." Akalisambaza neno hilo kanisani, misibani, kila mahali. Nikipita Bagara watu wananiuliza, "Eti ulifukuzwa?" Baba akaacha hata kuitikia shikamoo yangu. Mama peke yake ndiye aliyenisindikiza stendi.

Chuo kipya kilikubali masomo yangu mengi, ila mengine ya mwaka wa pili nilitakiwa kuyasoma upya pamoja na ya mwaka wa tatu. Wakanishauri niongeze mwaka. Nikakataa. Natoka darasa hili nakimbilia lile, chakula nakula njiani. Siku moja nililia chooni, nikanawa uso, nikaingia kwenye mtihani. Mwezi uliopita nimevaa joho, mwaka uleule ambao wenzangu wa kule nao wamemaliza.

Sasa ukoo unaniandalia sherehe, na mgeni rasmi ni baba mkubwa! Baba kaniambia, "Kwanza nenda Bonga ukampigie magoti. Ulimwaibisha."

Nikamuuliza, "Nilimwaibisha kwa kufaulu, baba?"

Akanyanyuka, akatoka. Mama analia, anasema nipige tu hayo magoti yaishe.

Sipigi. Kwenye hilo msichoshe vidole vyenu. Ninachotaka mnisaidie ni kimoja: niende, na nikipewa kipaza sauti cha kutoa shukrani niseme mbele ya wote kwa nini nilihama? Au nisiende kabisa, wakate keki bila mimi? Baba mkubwa simwogopi. Ninayemfikiria ni mama, atakayekuwa amekaa pale mbele na gauni lake jipya. Wewe ungekuwa mimi, ungeamuaje?