Mgeni wa Chumba cha Pili

Asubuhi hiyo tuliamriwa kufunika picha. Ukumbi wa mikutano wa hoteli tuliyofanyia kazi Dubai ulikuwa mwisho wa korido ndefu, na ukutani palikuwa na michoro ya wanawake: mmoja akichana nywele, mwingine akicheka. Ujumbe wa watawala wa Afghanistan ulikuwa unakuja kuonana na wanadiplomasia wa Ulaya, kwa sharti kwamba mwanamke asionekane, hata wa kuchorwa. Tukatundika vitambaa vya meza juu ya fremu. Kiyoyozi kilipovuma, vitambaa vilipanda na kushuka kama vifua vya watu waliolala.

"Na wewe, dada, hujatafutiwa kitambaa chako?" mwenzangu Mganda aliniuliza.

Sikucheka. Wahudumu wa kike tulikuwa tumeondolewa ukumbini. Mimi nilipewa chumba cha pili cha kungojea, alimokaa mwanamke wa Kiafghani aliyekuwa hakimu kwao kabla ya kukimbia. Wanadiplomasia walimwita kutoka nyumbani kwake mtaa wa Jumeirah Village Circle, hapo hapo Dubai, wakamwahidi dakika kumi za kuzungumzia shule za wasichana, ikiwezekana. Alishika ukurasa mmoja. Chai hakuigusa.

"Una binti?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Mmoja. Yuko Nakuru, darasa la sita."

"Kwetu hilo ndilo la mwisho. Wangu alilimaliza, akarudi nyumbani, akakaa."

Sikujua kwamba katika chumba cha kwanza kulikuwa na mgeni mwingine, mjumbe wa watawala ambaye ndege yake ilichelewa. Mganda alikuwa amempeleka kutawadha.

Msimamizi wetu, mzee wa Kizanzibari, alitutaka tuzungumze Kiswahili kwenye redio zetu za mkononi, maana Kiingereza na Kiarabu kila mgeni angevielewa. Saa nne na nusu nikamsikia.

"Yule mgeni anayengoja, mleteni ndani."

"Yeye mwenyewe, bwana?" niliuliza.

"Yeye mwenyewe. Haraka, washakaa wanamsubiri."

Kwa Kiarabu au Kiingereza ningejua ni mwanamume. Kwa Kiswahili, yeye ni yeye. Nikamwambia mama yule kwamba anaitwa. Alisimama, akanyoosha ukurasa wake kwa kiganja, tukaenda.

Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, upande wa watawala, mwisho wa safu. Akakikalia. Nilibaki mlangoni. Wanaume watano waliokuwa kando yake waliinamisha macho kwa pamoja, kama waliovutwa na uzi mmoja. Akaanza kusoma kwa lugha yao, bila kupaza sauti. Mkalimani alinyamaza. Wazungu hawakuelewa neno. Walioelewa walikaa kana kwamba kiti kile ni kitupu.

Kiongozi wa ujumbe akamuuliza mwanadiplomasia mkuu kwa Kiingereza, huku mama akiendelea kusoma: "Tuendelee?"

Mkuu yule alimtazama mama, akatazama karatasi zake. Nilingoja aseme jambo, kwa sababu yeye ndiye aliyemwalika.

"Tuendelee," alisema.

Basi zikawa sauti mbili chumba kimoja, na hakuna aliyeonekana kusikia ile ya pili. Ila mtu wa tano, aliyekaa karibu naye kabisa, nilimwona akisogeza midomo, kama anayerudia maneno.

Redio ikaniita. "Mtoe."

"Nani, bwana?"

Nilijua ni nani. Nilitaka amalize.

"Huyo mwanamke. Khalas, yatosha, mtoe."

Alikuwa amefika mstari wa mwisho. Aliuweka ukurasa mezani mbele ya kiti, akainuka mwenyewe.

"Walisikia?" aliniuliza kwenye korido.

"Walisikia."

Akashuka kwa lifti peke yake.

Msimamizi hakunifokea. "Utanitia matatani, mwanangu," aliniambia, na tangu siku hiyo kwenye redio husema mgeni wa kike, mgeni wa kiume, hata kwa mtoto wa kubebwa.

Mjumbe aliyechelewa aliingia baadaye. Mganda alinisimulia kwamba alikataa kiti kile, akaletewa kingine kilichowekwa upande wake wa pili, na kile kikabaki wazi katikati yao mpaka mwisho.

Saa tisa tuliruhusiwa kuingia kusafisha. Karatasi za Wazungu zilikuwa zimeachwa mezani pamoja na kalamu za hoteli. Ukurasa wa mama haukuwapo. Nilitazama chini ya meza, nikafungua pipa la taka, nikainua hata mto wa kiti. Upande ule wa meza hakuna Mzungu aliyefika, Mganda aliniapia. Mtu alikuwa ameuchukua, akaondoka nao.