Panga Lipite Motoni Kwanza

Mwaka ule hotuba ya bajeti niliisikiliza redioni nikiwa nafua, nikapiga makofi kwa mikono yenye povu. Waziri alisema serikali inatumia kuliko inavyokusanya, kwamba pengo hilo ndilo linaloitwa nakisi, na kwamba dawa yake ni kubana matumizi. Nikasema, afadhali! Nilikuwa nimechoshwa na semina za kutufundisha mambo tuliyokwishafundishwa, na vikao ambavyo watu walikuja kula wali kuku, wakasaini posho na kuaga. Nilidhani kubana kutaanzia huko. Kweli kulianzia huko, ila hakukuishia huko. Kulifika mpaka kwenye tangi la pikipiki yangu.

Mimi ni afisa ugani. Huku Ngara wananiita bibi shamba, na kata yangu ni Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Barabara zetu ni za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha hata pikipiki inaomba msamaha. Habari ya mafuta tulipewa na mkuu wetu wa idara, katika kikao cha kwanza kisicho na chai.

"Mafuta yamepunguzwa sana," alisema. "Gari langu nalo limeegeshwa, leo nimekuja kwa miguu. Tuvumilie."

"Na mnyauko wa migomba nao tuuombe uvumilie, mkuu?"

Wenzangu waliinamisha vichwa. Yeye hakukasirika, aliniambia tu nitafute njia. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, kwa sababu ningependa angalau tugombane.

Nilikuwa na sababu. Siku chache kabla ya kikao nilikuwa nimekuta mnyauko kwenye shamba la kikongwe mmoja, mjane anayelea wajukuu kule mlimani. Ugonjwa huu ukiingia kwenye mgomba, majani hugeuka njano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza. Hauna dawa ya kupulizia. Unakata shina lililougua, unavunja ua dume kwa kijiti chenye panda, na unahakikisha kisu kilichogusa mgonjwa hakigusi mzima kabla ya kupitishwa motoni. Tuliyakata pamoja mashina ya upande wa chini, yeye akiyatazama yanavyoanguka kama anayezika. Wale watoto walikuwa wanakula kutoka kwenye shamba lile, hawakuwa na lingine. Nilimwahidi nitarudi kumkagulia mara kwa mara. Sasa ningerudi na nini?

Sikuwa napinga kupunguza. Kazi yangu yenyewe ni kufundisha watu kupunguza machipukizi ya migomba, kwenye kila shina wabakize mama, mtoto na mjukuu. Lakini ukifyeka mpaka mtoto, mama akishazaa na kukatwa hukuti kitu. Hayo niliyasema peke yangu nikisukuma pikipiki iliyokauka, na sikuona aibu kuongea peke yangu.

Basi nikabaki kwenye gulio, kwa kuwa ndiko watu walikokuja wenyewe bila mafuta yangu. Siku moja alisimama mbele yangu mnunuzi wa ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, baiskeli yake imezidiwa na mikungu, na panga limechomekwa ubavuni. Lile panga lilikuwa jeusi kwa utomvu. Hapo nikashtuka. Kwetu mnunuzi huingia mwenyewe shambani, huchagua mkungu na kuukata kwa panga lake, kisha huingia shamba la jirani. Alikuwa anafika kila mji, kila nyumba niliyoshindwa kuifikia, na panga moja.

"Kaka, hilo panga lako ndilo linalotumalizia migomba!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Watu waligeuka. Uso wake ulibadilika. "Bibi shamba, unaniita mchawi sokoni?"

"Sikuiti mchawi. Nakuambia ulipitishe motoni kila unapoingia kwa mtu. Jiko halikosekani."

"Niombe moto kila mji kama mgeni aliyepotea?"

"Migomba ikiisha, utanunua nini?"

Alisukuma baiskeli yake akaondoka, nami nikajua nimeharibu. Usiku ule nilijilaumu kwa mdomo wangu huu, ambao mama yangu aliulalamikia tangu nikiwa mdogo.

Gulio lililofuata, wanawake ndio walionisimulia wakicheka. Kuna mnunuzi, walisema, amekuwa wa ajabu, hakati mkungu mpaka apewe moto. Nikawaeleza sababu, wakaacha kucheka. Tangu hapo mnunuzi aliyekuja na panga la utomvu alirudishwa njiani, na wanunuzi wenyewe wakaanza kuambizana. Walikuwa wakiniletea habari pia, wapi wameona njano na wapi pamepona. Mafuta machache niliyopata niliyapeleka moja kwa moja kwenye njano.

Kwa kikongwe sikufika mpaka mvua zilipokwisha. Nilipanda kwa miguu, nikiogopa kukuta shamba jeupe. Upande wa chini palikuwa na maharage. Upande wa juu migomba ilisimama, mibichi, mikungu imeinama. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nilicheka, nikachomoa kisu changu nikaelekea kwenye mgomba wa kwanza, nikate kikonyo nitazame ndani. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia.

"Umekipitisha motoni?"

"Mama, mimi ndiye..."

"Nakujua. Umekipitisha motoni?"

Sikuwa nimekipitisha. Akanielekeza jikoni kwa kidevu. Nikaenda kuchuchumaa kwenye mafiga na kisu changu, wajukuu wakinisimamia mlangoni kana kwamba ningeiba, na nikangoja mpaka aliposema, "Ego, ndiyo, sasa ingia."