Shikamoo ya Kaka

Mama alikuwa apasuliwe moyo Jumatatu. Jumamosi mchana, hapa mtaani kwetu Troyeville, ugenini kusini mwa Afrika, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikawapigia kwa video kaka zangu wawili walioko Amerika. Mama alitaka kitu kimoja tu: awasikie wanawe wakiamkiana.

Walikuwa hawaamkiani. Wote wamekuwa raia wa kule, wote wana kura, na kila mmoja ameoa chama chake. Tangu uchaguzi, mdogo amemnyima mkubwa shikamoo. Sisi watu wa Tanga! Mtu akikuzidi hata mwaka mmoja unamwamkia, hata kama jana mlirushiana sahani.

"Mwamkie kaka yako," Mama akasema.

"Mama, huyu anaunga mkono watu wanaoibomoa nchi."

"Wanaoibomoa ni nyinyi," mkubwa akadakia, na wakaanza. Mipaka, bunduki, kodi, majaji. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimelima mpaka jembe limeisha. Nilitamani kuitupa ile simu dirishani ikanyagwe na teksi. Wanaume wazima, wasomi, wanashindwa neno moja!

"Huko bungeni kwenu," Mama akauliza, "wa chama hiki na wa chama kile wakikutana mlangoni, husalimiana?"

"Siku hizi si sana," mkubwa akasema.

"Sasa sheria wanatungaje?"



Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, msusi kutoka Bukavu, Mkristo hasa, amekuja kumsuka Mama nywele za kwenda nazo hospitali. Kila wiki hubishana na Mama juu ya dini mpaka chai inapoa, na wiki inayofuata anarudi. Kwao shikamoo haipo. Amejifunza humu ndani.

"Shikamoo, maman," akasema, akikunja goti.

"Marahaba, mwanangu." Mama akampa kichwa.

Kaka zangu waliona yote. Mdogo akakohoa.

"Mama, shikamoo," akasema.

"Mimi umeshaniamkia. Nimekutuma kwa kaka yako."

Mdogo akageuza uso pembeni. Mama akangoja, kisha akanigeukia. "Kata simu, nisukwe."

Nikakata. Jumatatu walipomsukuma kuingia chumba cha upasuaji, alinitazama mkononi. Simu nilikuwa nayo. Haikulia.