Bango la Ushindi

Siku hukumu ilipotangazwa, Mama Ensiang, Aling Ensiang kwa heshima ya kwao, alikuwa akipasua samaki wa kukausha, na hakuacha. Wenzake walikimbilia barabarani wakipiga masufuria. Mahakama ya mbali ilikuwa imeamua kwamba ile nchi kubwa ya jirani haina haki ya kuwafukuza wavuvi kwenye mwamba wa baharini, pale alipovulia mumewe Mogen tangu ujana, kama baba yake kabla yake.

Kwao mkoani Zambales mtoto akifaulu mtihani huchapishiwa bango, sembuse kijiji kizima kushinda kesi. Bango likatundikwa: TUMESHINDA, kwa Kitagalog, lugha yao, na pembeni uso wa mwenyekiti wa kijiji, mkubwa kuliko maandishi, meno yote nje. Kwenye kesi yenyewe hakutia hata kidole, lakini mabango ndivyo yalivyo.

Lilipoteremshwa, Mogen akaliomba, akalifunga ubavuni mwa ngalawa yake.

"Ili iweje?" Ensiang akamuuliza.

"Walinzi wa ile nchi kubwa walisome. Sasa tuna sheria."

"Wale Kitagalog wamekijulia wapi, baba?"

"Basi watamwona mwenyekiti."

"Hapo watakimbia kweli!"

Wakacheka mpaka Mogen akapaliwa. Ensiang anaikumbuka asubuhi ile kwa sababu hajamwona akicheka tena.

Kule mwambani meli ya walinzi haikusoma kitu. Iliwamiminia maji kwa bomba la nguvu mpaka ubawa mmoja wa pembeni wa ngalawa ukavunjika. Mogen alirudi akivutwa na ngalawa ya shemeji yake, sikio moja limeziba, bango amelikunja mapajani.

Akaja afisa wa uvuvi, akawaambia wavumilie, maana dunia nzima inajua haki ni yao.

"Na wale wenye meli wanajua?" Ensiang akauliza.

"Wanajua sana, Aling Ensiang."

"Sasa nani atawatoa?"

Afisa akaomba maji ya kunywa.

Hapa mtu akiiba kuku, polisi wanafika supu haijaiva. Mwenye meli kubwa anaandikiwa barua ya masikitiko, akipenda anaisoma. Ukiniuliza mimi, sheria inayomkamata mwizi wa kuku tu haijawa sheria bado. Lakini Ensiang hakuulizwa na mtu. Alingoja hasira ije, haikuja. Akaendelea tu kupasua samaki.

Mogen hakurudi tena mwambani. Hushinda mlangoni akishona nyavu ambazo hazina safari, na ukimsemesha upande wa sikio bovu hageuki. Samaki wa kukausha Ensiang huwanunua sokoni, wa barafu, ndani ya maboksi yenye maandishi ya ile nchi kubwa. Maboksi huyaacha hukohuko ili mumewe asiyaone. Samaki huwaanika uani, na mvua ikija huwafunika kwa bango. Mwenyekiti bado anacheka, ingawa jua limemla pua.

Jumapili moja Ensiang alimkaangia Mogen samaki wawili, akampa na wali na siki. Mogen akatafuna polepole. Akaacha. Akatafuna tena.

"Huyu wa mwambani," akasema. "Nani kafika kule?"

Ensiang akakaa upande wa sikio zima, Mogen asije akasingizia kwamba hakusikia jibu.

"Wao, wenye meli," akasema. "Kula, baba. Samaki nimewanunua sokoni."

Mogen akala mpaka akamaliza.