Jiko Lisilofunguliwa Mlango

Eucabeth Nyaboke aliacha zamani kuwaeleza watu wa kwao Nyamira kwamba Riyadh kuna baridi. Hawamwamini. Kwao Saudia ni jua na mchanga, basi. Lakini Januari ikiingia, upepo wa jangwani hushuka mtaa wa Al-Malqa ukiwa na meno, na wenye majumba huhamia katika chumba wanachokiita mashabu: chumba cha wageni chenye mazulia, mito ya kuegemea, na mahali pa moto ukutani. Hapo ndipo kahawa hupikwa na hapo ndipo heshima ya mwenye nyumba hupimwa. Mgeni akikuta moto umelala, atakwenda kuyasema kwingine.

Moto wa madam Nufu haukuwahi kulala, kwa kuwa Eucabeth ndiye aliyeuwasha. Aliingia katika nyumba hiyo mtoto wa kwanza wa madam akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto huyo anakwenda shule na anafunga kamba za viatu mwenyewe. Eucabeth ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, asiye mwepesi wa kucheka. Jina lake liliwashinda wenye nyumba siku ile ile ya kwanza, wakamwita Yuka. Elly, dereva wa nyumba, mtu wa Vihiga, humwita Mama Hannah, kwa jina la binti yake aliye chuo cha ualimu, na ndiye pekee anayethubutu kumtania.

Mahali pa moto pa zamani palikuwa shimo la wazi lililozungushiwa mawe ya kuchongwa, na juu yake kofia ya shaba. Macho yalipapenda. Kifua kilikuwa na maoni yake. Kila baridi ilipokwisha, Eucabeth alibaki na kikohozi kilichomfuata mpaka joto likolee. Daktari wa kliniki alimsikiliza mapafu, akamwambia akae mbali na moshi. Madam akamnunulia barakoa.

Kisha uongozi wa mtaa ukaingilia kati. Mtaa ule una geti na sheria zake, na majirani walikuwa wamelalamika. Amri ikatoka: moto ukishashika, moshi usionekane tena juu ya ukuta wa nyumba yoyote. Kosa la kwanza ni onyo. Kosa la pili, walinzi wa geti wanakuja na ndoo kuuzima, wageni wawepo wasiwepo. Kwa mwenye nyumba wa Riyadh, kuzimiwa moto mbele ya wageni ni sawa na kuvuliwa nguo barabarani.

Madam Nufu akapata dawa. Ndani ya bomba la moshi mlikuwa na kibati cha kufungua na kufunga.

"Yuka," akasema, "kifunge nusu. Moshi usitoke mwingi."

Kikafungwa nusu, na kweli moshi haukutoka mwingi. Ulirudi chumbani, alikokuwa Eucabeth amepiga magoti akipuliza kuni. Wageni walipofika, madirisha yalikuwa yameshafunguliwa na kufungwa tena, ubani umefukizwa, na shimoni yamebaki makaa mekundu yasiyo na neno na mtu. Moshi ambao majirani hawakutaka kuuona, yeye alikuwa ameshauvuta.

Alivumilia hayo baridi nzima. Baridi iliyofuata, siku ya kwanza alipopewa kiberiti, alikirudisha mezani.

"Madam, sitawasha."

"Unaumwa?"

"Bado. Ndiyo maana sitawasha."

Madam alicheka. Alipoona Eucabeth hacheki naye, akaacha. Ikama ya Eucabeth, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa inakaribia kwisha, na madam alitaka abaki miaka mingine miwili. Eucabeth akamweleza sharti lake wakiwa wamesimama hapo hapo, kwa Kiarabu chake cha jikoni kisicho na mapambo: shimo lizibwe, liwekwe jiko lisilotoa moshi, la sivyo akatiwe tiketi ya kurudi kwao.

Binamu yake Velma, anayefanya kazi Jeddah, alimpigia alipopata habari.

"Wee Eucabeth, unapigania jiko la mtu? Kuja Jeddah! Madam wangu ana dada anatafuta mtu. Huku baridi haijui hata njia. Sweta yangu sijui niliitupa wapi."

"Nikija huko, hapa nani atawasha?"

"Si wataleta msichana mwingine!"

"Ndiyo. Na mapafu mengine."

"Aki wewe ni mgumu kama mahindi ya mwaka jana."

"Velma, mimi si moshi nitolewe kwa bomba."

Madam alikubali, ingawa si kwa huruma. Mama mkwe wake, Mama Hesa, hupita kila Alhamisi kutoka Al-Naseem na akina shangazi wa mume, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwasha moto. Elly aliulizwa akajibu kwamba mkataba wake unataja usukani tu. Basi wakaingia duka la majiko watatu: madam mbele, Eucabeth nyuma yake, na Elly, aliyepaswa kungoja garini lakini akajileta mwenyewe akidai kwamba humo kuna baridi.

Mwenye duka alikuwa Msyria mwenye mikono iliyojaa masizi. Madam alikwenda moja kwa moja kwenye jiko lenye vioo pande tatu, pana kama kabati la nguo.

"Chumba chenu kikubwa kiasi gani?" Msyria akauliza. Madam akamwambia. Akatikisa kichwa. "Hili si lenu. Mtaliwasha, chumba kitakuwa hamamu, mtaanza kulinyima hewa lipoe. Jiko lililonyimwa hewa linatoa moshi kuliko shimo lenu. Chukueni dogo, mliache liwake kwa nguvu."

Akawaonyesha jiko jeusi, la kimo cha mtoto wa nasari, lenye mlango mmoja wa kioo. Ndani lilikuwa limepangwa matofali ya kushika joto, na juu kuna safu ya vitundu. Hewa ya moto huingilia hapo, akasema, na moshi huungua humo humo kabla haujafika bombani. Lilikuwa na cheti cha kupimwa moshi. Kisha akachukua vipande viwili vya kuni na kuvigonganisha. Vikalia kama mbao kavu. Hizi, akasema, zimetoka nje ya nchi, maana kuni za miti ya hapa haziruhusiwi kuuzwa. Nunueni zilizokaa chini ya paa, zilizolowa msizilete karibu. Na moto uwasheni kutoka juu, si chini. Na bomba lipande lipite paa. Na hewa msilinyime. Hilo la hewa alilirudia. Eucabeth, ambaye macho yake yalikuwa kwenye ule mlango unaofunga kabisa, hakulitilia maanani.

"Dogo mno," madam akasema. "Wageni watasema nimewawashia jiko la kuchemshia maziwa."

"Watasema bila kukohoa," Eucabeth akajibu.

"Madam," Elly akadakia, "hili kubwa litataka dereva wake, na mimi nina kazi tayari."

"Yalla, nyinyi wawili!" Madam akamgeukia Msyria. "Hilo dogo. Kabla hawajanichagulia na nyumba."

Fundi akaja, akaliingiza jiko ndani ya shimo la zamani na kuyaacha yale mawe ya kuchongwa yakilizunguka kama fremu ya picha. Siku za mwanzo lilifanya kazi yake. Kisha ikafika jioni moja ambayo madam alichelewa kurudi, na Eucabeth akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote aliyelelewa na jiko la makaa angelifanya. Kwao, moto haupotezwi bure. Chakula kikishaiva, unafunga kile kimlango cha chini, makaa yanalala, na ukiyahitaji unayaamsha. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajafundishwa kuandika. Akatia kuni mpya, akafunga vitundu vyote vya hewa, akaenda kupiga pasi.

Makaa hulala. Kuni zilizonyimwa hewa hazilali. Kioo kikawa cheusi, na kutoka juu ya paa ukatoka moshi mzito wa manjano, ukavuka ukuta, ukakaa juu ya bustani ya jirani kama aliyealikwa. Msimamizi wa mtaa akafika akiwa bado ameshika kikombe cha chai. Lilikuwa onyo la kwanza.

Madam alirudi akaambiwa getini. Aliingia mashabu bila kuvua viatu.

"Jiko gani hili? Msyria ametudanganya!"

"Hakutudanganya," Eucabeth akasema. "Mimi ndiye niliyelifunga hewa. Jiko halina kosa."

Nyuma ya mlango Elly alijishika kichwa. Baadaye, jikoni, alimwambia, "Mama Hannah, si ungenyamaza tu? Msyria yuko mbali. Angelaumiwa na asingesikia."

"Msyria hakufunga vitundu. Nikimsingizia yeye, jiko linaondoka. Na likiondoka, linarudi nini?"



Jibu madam alikuwa ameshalitoa. Alhamisi Mama Hesa angekuja. Moshi ukionekana tena, walinzi wangekuja na ndoo mbele ya ukoo mzima. "Ukionekana hata kidogo," madam alisema, "Jumamosi fundi analing'oa. Halas, basi. Turudi kwenye shimo. Moshi wa shimo angalau najua pa kuuweka."

Eucabeth alijua pia pa kuuwekea. Palikuwa kifuani mwake.

"Likitoka, madam, nami natoka. Na safari hii sitaomba tiketi mara mbili."

Alhamisi alianza mapema. Alipanga kuni nene chini, vijiti juu, akawasha kutoka juu kama Msyria alivyosema, akafungua vitundu vyote. Elly alitumwa nje kukodolea paa macho. Sauti yake ikaja kwenye simu: "Mama Hannah, mwanzo umetoka kidogo kama wa sigara. Sasa naona hewa inatetemeka tu. Hata njiwa ametua karibu anaota moto." Eucabeth alipiga magoti mbele ya jiko. Alikuwa anatazama ndani ya kioo, ambapo ndimi za moto zilikuwa zinaning'inia kutoka kwenye vitundu vya juu.

Mama Hesa aliingia na akina shangazi, akiwa amebeba dele, birika lake mwenyewe la kahawa. Ni mwanamke wa Buraida, aliyekulia kwenye moto wa wazi, na katika maisha yake dele halijawahi kukaa mahali pengine ila kwenye makaa. Alilitazama jiko.

"Mmeutia moto gerezani," akasema. "Yuka, fungua mlango. Nataka makaa."

Madam Nufu akatazama zulia.

Eucabeth hakusogea, kwa hiyo Mama Hesa akafungua mwenyewe, kwa mkono mmoja, haraka, na kuni zikiwa bado katikati ya kuwaka. Moshi ukamwagika chumbani. Shangazi mmoja akavuta shela puani. Eucabeth akakohoa, kikohozi kile cha zamani, kinachoanzia chini na kutikisa mabega. Kilipomwachia, akapiga hatua mbele ya mama mkwe wa madam wake, akaufunga mlango na kukaza mpini.



"Fungua," Mama Hesa akasema taratibu.

"Hapana, mama."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Juu ya jiko pana joto. Dele litakaa pale." Akanyoosha mkono kwenye bamba la chuma. "Mlango haufunguliwi mpaka kuni ziwe makaa."

"Nufu! Kwangu mfanyakazi hasemi hapana."

Madam Nufu alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa na aibu. Angeweza kufungua mlango ule, na moshi utoke kwa madirisha mpaka juu ya ukuta. Angeweza kuuacha umefungwa, na mama mkwe ashindwe na mfanyakazi mbele ya akina shangazi. Alisimama, akalichukua dele mikononi mwa mama mkwe wake kwa adabu zote, akaliweka juu ya jiko. Kahawa ikachukua muda wake, ikachemka. Akammiminia Mama Hesa kikombe cha kwanza. Mama Hesa akakipokea kwa mkono wa kulia, kama inavyopasa, akakiweka chini bila kukinywa. Shangazi wakanywa vyao bila kutazamana.

Hakuna mlinzi aliyekuja.

Kesho yake madam alimkuta Eucabeth akichota majivu.

"Jana umeniaibisha."

"Ndiyo, madam."

"Mbele ya mama mkwe."

"Ndiyo. Lakini hakuna aliyekuja na ndoo."

Madam akaligusa jiko, lililokuwa bado na vuguvugu. "Kwa hiyo unabaki?"

"Mlango ukibaki umefungwa, nabaki. Mwambie Mama Hesa."

"Mimi? Mafi, hakuna! Mwambie mwenyewe, si una mdomo?"

Alhamisi iliyofuata Eucabeth alimngojea mlangoni. Alimpokea abaya, akamwamkia, akamuuliza hali ya magoti yake, kisha akamwambia kabla hajafika kwenye zulia.

"Mama, mlango wa jiko haufunguliwi."

Mama Hesa alimtazama juu mpaka chini. "Na nani bosi katika nyumba hii?"

"Bosi ni madam. Anayepiga magoti hapo ni mimi."

Mama Hesa akalipita jiko bila kuugusa mlango, akakaa mahali pake pa siku zote, dele lake akalipakata mapajani, na jioni ile nzima akanywa chai.